MAMBO YA NYUMBANI: Zawadi za Sikukuu

Mwezi uliopita tulizungumza habari za maji ya kunywa na mitungi isiyofunikwa, na wengi mmetujibu; twawashukuru. Mwezi huu tumeona vema tuseme habari za zawadi, kwa kuwa Noeli imekaribia. Wenye maduka wa Chake Chake na Wete wamekwisha kutandaza nguo na vyombo, na kila meli ifikayo bandari ya Mkoani yashusha watu wenye mabegi makubwa kuliko walivyokuwa nayo walipoondoka.

Mwalimu mmoja ametuuliza hivi: "Nina mke, watoto wanne, mama mzee, wakwe, watoto wawili niliowasimamia ubatizoni, na majirani pande zote mbili. Mshahara wangu ni mmoja. Niwape nini wote hawa, nisije nikaaibika?"

Swali hili si lake peke yake. Laulizwa kimya kimya katika nyumba nyingi, usiku, taa ikiisha kuzimwa. Lakini tukilitazama vizuri twaona kuwa ndugu yetu ameuliza mambo mawili. La kwanza ni "niwape nini", la pili ni "nisije nikaaibika". Nasi twasema kwamba hili la pili ndilo liharibulo la kwanza. Mtu achaguaye zawadi kwa kuogopa aibu hujitazama mwenyewe, naye asiyemtazama mwenzake hawezi kujua la kumpa.

Tutawasimulia kosa letu wenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kutia wino mwekundu katika madaftari ya watoto.

Tunaye umbu letu mdogo, mjane, mama wa watoto watatu. Tangu alipofiwa na mumewe tulikuwa tukimsaidia kila mwezi kwa mchele kidogo na mahitaji ya shule ya watoto. Alipokea kwa shukrani, lakini kwa uzito pia, kwani ni mtu wa kazi, asuka mikeka na kuiuza, wala hapendi kuitwa mzigo. Miaka michache iliyopita, siku mbili kabla ya Noeli, tuliingia dukani kwa haraka, tukaona doti moja ya kanga yenye rangi za kupendeza mno. Hatukuuliza, hatukuikunjua. Mwenye duka akaitia katika karatasi, tukalipa, tukaenda zetu tukiwa na furaha.

Siku ya sikukuu, baada ya chakula, wageni wakiwa wamejaa ukumbini, tulisimama tukampa mbele ya watu. Na kwa kweli tulipenda watu waone. Umbu letu akaikunjua. Macho yake yakashuka hata penye maandishi, yakakaa hapo. Kisha akaikunja tena polepole, akasema, "Ahsante, kaka," akaiweka mapajani. Sisi hatukuona neno.

Tangu siku ile watoto wake hawakuja tena kuchukua mchele. Tulipompelekea, ulirudi kwa maneno ya adabu: "Mama asema tunacho." Tukafurahi, tukidhani kuwa mikeka imepata soko. Hata masika yalipoingia, jirani yake, mama mmoja Mwislamu mwenye umri mkubwa, akatukuta njiani akatuuliza, "Mwalimu, kuna nini baina yako na nduguyo? Makuti ya nyumba yake yameoza, na watoto wanalala kwangu, leo siku ya nne."

Tukaenda siku ile ile. Umbu letu akatukaribisha, akatupa chai kama desturi yake. Tulipomwuliza kwa nini hakutuambia, aliingia ndani, akatoka na ile doti. Ilikuwa haijakatwa wala kupindwa, vile vile kama ilivyotoka dukani. Akaitandaza juu ya mkeka, akaweka kidole penye maandishi. Tukasoma: MTEGEMEA CHA NDUGUYE HUFA MASKINI.

Akasema, "Nilidhani ndilo neno ulilotaka kuniambia, nawe umeona haya kulisema kwa kinywa."

Tukamwapia kwamba hatukuyasoma yale maneno. Alitutazama muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, wewe kazi yako ni kuwafundisha watu kusoma."

Hatukuwa na jibu, na hata leo hatunalo. Tulichoweza ni kutafuta makuti na mafundi, na wiki ile nyumba ikaezekwa. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kulala nje ya kwao siku nne kwa sababu ya zawadi yetu.

Wasomaji wetu wa mbali na pwani labda watashangaa kwamba nguo yaweza kuleta msiba namna hii. Basi na waelewe kanga ni nini kwetu. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na wa pwani walinunua leso zilizotiwa nakshi, zikiwa bado katika jora, wakakata sita pamoja, tatu tatu, wakaziunganisha zikawa nguo moja pana. Ndiyo sababu hata leo watu wa Mombasa huiita kanga leso, neno lililotoka kwa Wareno. Jina la kanga lasemekana limetokana na yule ndege mwenye madoadoa, kwa kuwa nguo za kwanza zilikuwa na madoa kama manyoya yake. Katika mji wa Mombasa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kila mahali kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazosomea sisi.

Basi kanga ina sehemu tatu: pindo, yaani ukingo wake wa pande zote nne, mji, yaani katikati, na jina, yaani yale maneno. Mwanamke wa pwani husoma jina kwanza, na rangi baadaye. Kwa kanga mke humwambia mume alilonalo moyoni, jirani humjibu jirani, na wifi humrushia wifi fumbo lisilo na mahali pa kushikwa. Anayempa mtu kanga amempa maneno, apende asipende.

Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu wanaume, maana sisi ndio wenye kosa hili mara nyingi. Ukinunua kanga, ikunjue pale pale dukani, usione haya. Isome kwa sauti. Kisha jiulize: Je, kama ningemwambia mtu huyu maneno haya kwa kinywa changu, mbele ya watu, angeelewaje? Maneno yaliyo mazuri kwa mke huenda yakawa matusi kwa mkwe. Methali iliyo ya hekima kwa tajiri huenda ikawa kisu kwa mjane. Na kama fumbo limekupita, muulize mama wa nyumba yako. Yeye atalijua kabla hujamaliza kulisoma.

Lakini somo hili si la kanga peke yake. Tangu siku ile tumeona kwamba kila zawadi ina jina lake, hata isiyoandikwa kitu. Mwalimu akimpa mwanafunzi maskini kipande cha sabuni mbele ya wenzake, hata kama alitaka mema, sabuni imesema, "Wanuka." Baba akimpa mtoto mmoja baiskeli na ndugu yake kalamu, amewaandikia wote wawili barua watakayoikumbuka hata uzeeni. Mtu akimletea mama yake sahani nzuri za kupanga kabatini, naye mama hana kabati, sahani zasema, "Sijaingia chumbani mwako siku nyingi." Na mtoto aliyenunuliwa viatu visivyomwingia asoma bila kufundishwa: "Baba hajui kwamba nimekua."

Basi tumejifanyia desturi ya maswali matatu, nasi twawapa ninyi mjaribu.

Kwanza: Mtu huyu amelalaje mwaka huu, amekula nini, ameumwa na nini, amefurahia nini? Kama hujui, usiende dukani bado. Nenda kwake ukakae naye nusu saa. Huenda safari hiyo ikawa nusu ya zawadi.

Pili: Mwezi wa Februari kitu hiki kitakuwa wapi? Vitu vingi vya Desemba hung'aa siku tatu, kisha huvunjika, hupotea, au hukaa juu ya kabati vikila vumbi.

Tatu: Nani atakilipa? Swali hili la tatu lataka maneno zaidi.

Sisi watu wa Pemba hatuna haja ya kufundishwa habari za deni. Tufani ya mwaka 1872 ilipong'oa mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu kilisalimika, kikawa ndicho shamba kuu la karafuu. Tangu hapo mambo ya nyumba zetu, arusi na mazishi na sikukuu, yamepimwa kwa msimu. Wenye mashamba walizoea kuchukua fedha mapema, wakaahidi kulipa kwa karafuu zilizokuwa bado mtini. Bei iliposhuka, karafuu zilipungua thamani, lakini deni halikupungua. Mambo yakazidi, hata serikali ya wakati ule ikatoa sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasipotelee mikononi mwa wadai. Wazee waliopoteza mashamba hawakuyapoteza kwa siku moja. Yaliondoka kidogo kidogo, kama gogo liishavyo kwa kubanduliwa.

Siku hizi karafuu hununuliwa na shirika la serikali, na mambo mengi yamebadilika, lakini deni limebadili nguo tu. Leo lakaa ndani ya simu. Mtu abonyeza tarakimu chache usiku, fedha zaingia kabla hajakohoa, na asubuhi anunua vitu vya watu kumi. Mwezi wa Januari ndio huo, shule zafunguliwa, watoto wataka sare na viatu, na simu yadai pamoja na ada yake. Nani basi aliyelipia zawadi ile? Ni wale wale watoto waliopewa. Zawadi ya namna hii humpokonya mtu kwa mlango wa nyuma kile alichopewa kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo twasema wazi: kisichonunulika kwa fedha iliyomo mkononi, kisinunuliwe. Wazee wetu wamesema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa tumjibu mwalimu wetu, mtu mmoja mmoja.

Mama mzee. Wazee wengi hawapungukiwi na vitu kama wanavyopungukiwa na watu. Mpe kitu chepesi cha kumfaa mwilini: miwani kama macho yamechoka, shuka nzito kwa usiku wa kipupwe, au mafuta ya makonyo, yale yatolewayo katika kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, kama apenda kujichua. Kisha kaa naye. Usimpe na kukimbilia kwingine kama mtu agawaye barua.

Mke. Sufuria ni ya nyumba nzima, vivyo hivyo jiko, vivyo hivyo ndoo. Usimpe mkeo vyombo vya kukupikia wewe ukaviita zawadi yake. Mpe kitu kilicho chake mwenyewe, hata kikiwa kidogo. Na siku ya sikukuu, wakati wote mnapokula na kushangilia, mtazame ni nani aliye jikoni. Mwana mume aoshaye vyombo jioni ile ametoa zawadi isiyo na bei. Nanyi akina mama, msidhani mume hana haja. Shati lililochakaa kola laonekana na watu wote isipokuwa mwenyewe.

Watoto. Hapa wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Sare ya shule na madaftari ni haki ya mtoto kwa mzazi wake, si zawadi. Usivifunge kwa karatasi yenye maua ukataka akushukuru kwa kurukaruka. Mnunulie sare kwa kuwa ni wajibu, kisha mpe kitu kidogo kisicho na faida yoyote ila furaha: mpira, kitabu cha hadithi, kalamu za rangi. Lakini kwa watoto uliowasimamia ubatizoni, ambao wazazi wao wana dhiki, mambo ni mengine. Hapo jozi ya viatu vya shule ni zawadi kamili, nayo ipelekwe kwa mama yao kabla ya sikukuu, bila kelele, ili mtoto aipokee mikononi mwa mzazi wake. Usimwibie maskini heshima ya kumpa mwanawe.

Wakwe. Kwa wakwe fuata adabu kuliko ubunifu. Peleka kitu kinacholiwa na wote, kama vile sukari, mchele, au halua ya Wete, na ukipeleke mwenyewe kwa miguu yako. Mkwe husahau kilo za mchele, lakini hasahau aliyetuma mtoto kuupeleka.

Majirani. Jirani zetu wengi katika kisiwa hiki ni Waislamu, na siku ya Idi sahani zao huja kwetu zimejaa, na watoto wetu hupewa senti za sikukuu pamoja na wao. Yatupasa tukumbuke kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Lakini mpelekee kitu atakachokipokea bila shaka moyoni: matunda, tende, halua, mayai. Usimtie katika mashaka ya kuuliza kimepikwa na nini na kwa chombo gani. Ukichagua kitu kisichomlazimu kuuliza, umemheshimu kabla hajaonja. Yule mama aliyetuambia habari za makuti yaliyooza, sisi humkumbuka kila mwaka, na hata tukimpelekea shamba zima hatutakuwa tumelipa.

Ndugu walio Unguja na bara. Chagua kitu kitakachovuka bahari bila kuoza wala kumwagika: asali iliyofungwa vizuri, mkeka wa hapa kwetu, halua. Lakini usifungie karafuu ndani ya begi ukitumaini hazitaonekana. Karafuu ina sheria zake, na magendo ni magendo hata yakipelekwa kwa shangazi.

Neno moja kwa walimu wenzetu. Wazazi wengine huleta zawadi shuleni mwisho wa mwaka. Ndizi mbili tatu kutoka shambani, na mapokeo ya shukrani, si vibaya. Lakini mzazi akikuletea kitu kikubwa wakati alama za mtoto wake bado zimo mezani pako, jua kwamba zawadi ile nayo ina jina, wewe walijua na yeye alijua. Irudishe kwa maneno laini. Mwalimu akishapokea, kalamu yake si yake tena.

Imebaki siku ya pili, yaani tarehe 26 Desemba, ambayo watu wengi wa Tanzania huiita Siku ya Kufungua Zawadi. Kwa Waingereza, ambao siku hii imetoka kwao, ilikuwa desturi kuwapa visanduku vya zawadi watumishi na wale waliowahudumia mwaka mzima. Twapenda desturi hii isisahauliwe, maana sikukuu ya kwanza twawakumbuka ndugu, na ya pili imetupa nafasi ya kuwakumbuka wasio ndugu: binti asaidiaye kazi za nyumbani, mchukuzi wa bandarini, kijana apandaye mikarafuu yetu juu kabisa ambako sisi hatuthubutu, mzee alindaye shule usiku. Ukiwa na binti wa kazi, usimpe nguo iliyokuchosha wewe ukaiita mpya. Mpe mshahara wake mapema, umpe na siku za kwenda kwao.

Jinsi ya kutoa nako kuna habari yake. Yule mzee wa ndevu nyeupe na nguo nyekundu aonekanaye katika maduka ya mijini asili yake ni mtu wa kweli, Nikolao, askofu wa Myra katika nchi iitwayo leo Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Twamkumbuka tarehe 6 Desemba. Yasimuliwa kwamba baba mmoja aliyefilisika alikuwa na binti watatu asioweza kuwaoza, na Nikolao akatupa fedha nyumbani mwake usiku, asijulikane ni nani aliyetoa, ili baba yule asishikwe na haya. Kumbe askofu yule alijua jambo ambalo sisi hatukulijua siku tulipomsimamisha umbu letu mbele ya wageni. Kama tungempa faraghani, angetuuliza pale pale maana ya maneno yale, tungekiri, tungecheka, na makuti yangeezekwa kabla ya masika. Macho ya watu ndiyo yaliyomfunga mdomo.

Kabla hatujakoma, tuwaambie habari ya zawadi moja tuliyoiona mwaka jana. Mtoto wa pili wa umbu letu, mwenye miaka kumi, aliomba ruhusa kwa mwenye shamba jirani aokote mpeta, yaani karafuu zilizopukutika chini ya mikarafuu. Aliokota kila siku baada ya shule, akaanika, mama yake akampelekea kuuza kituoni. Kwa fedha ile kidogo alimnunulia bibi yake, ambaye ni mama yetu, tochi.

Tulicheka. Umeme umefika Pemba kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na nyumba ya mama ina taa kila chumba. Tukamwuliza mtoto, "Tochi ya nini?"

Akajibu, "Bibi hanywi maji tangu magharibi, mjomba. Aogopa kwenda uani usiku, maana taa haifiki chooni, naye hupenda kujikwaa."

Mama akainama, akatengeneza ushungi wake, asiseme neno. Ilikuwa kweli. Sisi tulio wanawe, tulioandika mwezi uliopita mistari mingi juu ya maji ya kunywa, tulikuwa tumekula naye chakula cha jioni mara nyingi bila kuona kwamba kikombe chake hakijaguswa. Mtoto alikuwa ameona. Alimsoma bibi yake kwanza, ndipo akaenda dukani. Tochi ile hata leo hulala karibu na mto wake.

Basi, ndugu mwalimu uliyetuuliza, jibu letu ni hili. Usianze na fedha yako, wala usianze na duka. Keti jioni moja na karatasi, uandike majina ya watu wako, na mbele ya kila jina uandike jambo moja ulilomwona nalo mwaka huu. Pale utakapokosa la kuandika, hapo ndipo ilipo kazi yako ya mwezi huu. Nawe usiogope kuaibika. Hakuna aliyeaibika kwa kutoa kidogo kilichochaguliwa vema. Sisi tuliaibika kwa kutoa kizuri tusichokisoma.

Na kama mwataka kujua habari za ile kanga, umbu letu aliikata, akaipinda, na sasa anaivaa. Haivai sokoni wala kanisani. Huivaa ajapo kwetu tu, na akifika mlangoni hugeuka kidogo ili maandishi yatuelekee. Kisha husema, "Soma, kaka," nasi twasoma kwa sauti, na nyumba nzima yacheka.

Twawatakia wote maandalizi mema. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza habari za kutunza fedha za nyumba katika mwezi wa Januari. Wasalaam.